Gemu ya kunyata au gemu ya zamu: chagua kwa kuangalia unavyobeba kosa

Una fedha ya gemu moja, na mbele yako zipo mbili. Ya kwanza inakuweka gizani, mgongoni mwa mlinzi mwenye mwenge, na kazi yako ni kupita bila kuonekana. Ya pili inakupa ramani na kikosi cha watu sita: unasogeza wako, unamaliza zamu, adui anasogeza wake. Zote zinasifiwa, zote zinataka akili na subira, na ndiyo maana wengi hununua moja wakitarajia ladha ya nyingine.

Nimecheza aina zote mbili kwa miaka mingi. Mtu akiniomba ushauri, namuuliza kwanza swali moja: ukikosea, unataka nini kifuate? Jibu lake huniambia mengi kuliko picha anazozipenda au hadithi inayomvutia, na hatua nyingi zilizo hapa chini zinalizunguka swali hilo.

Hatua ya 1: Hakikisha gemu ni ya aina unayoidhania

Jalada si ushahidi. Kuona muuaji mwenye joho na kisu jaladani hakuna maana kwamba utacheza kwa kujificha. Assassin's Creed ya 2007 iliweka uzito kwenye kuchanganyika na umati, kumvizia mlengwa na kutoroka; Assassin's Creed Odyssey ya 2018 inakuacha upigane ana kwa ana kwa saa nyingi, na kunyata ni njia moja tu kati ya kadhaa. Ukitaka kunyata kwenyewe, tafuta gemu ambamo kuonekana ni hasara inayouma: Thief: The Dark Project (1998), Splinter Cell (2002), Mark of the Ninja (2012), au mfululizo wa Hitman.

Neno "mkakati" nalo linateleza. StarCraft na Age of Empires ni za mkakati, lakini saa haisimami na kasi ya vidole inahesabika. Civilization, XCOM, Fire Emblem na Into the Breach ni za zamu. Total War, tangu Shogun ya mwaka 2000, inachanganya: ramani kubwa inakwenda kwa zamu, mapigano yenyewe yanakwenda papo kwa papo.

Njia rahisi ya kujua ni kutazama dakika kumi za mtu akicheza, video ndefu isiyokatwakatwa, maana tangazo huchagua milipuko tu. Ukiona mchezaji ametulia dakika nzima na hakuna kinachosogea kwenye skrini, hiyo ni ya zamu. Ukiona ametulia dakika nzima na walinzi wanaendelea na doria zao, hiyo ni ya kunyata.

Hatua ya 2: Jipime kwa kosa

Katika gemu ya kunyata, kosa linataka jibu papo hapo. Umekanyaga bamba la chuma badala ya zulia, mlinzi amesimama, amegeuka, na una sekunde mbili au tatu. Unaweza kurudi kivulini ukatulia. Unaweza kurusha kitu upande wa pili ili sauti imvute huko. Unaweza kukimbia. Katika Metal Gear Solid ya 1998, ukionekana rada yako inakatika na askari wanamiminika. Ukifanikiwa kujificha, namba kwenye skrini inaanza kuhesabu kushuka huku wao wakikusaka, na ikifika sifuri wanarudi kwenye doria. Kwangu mimi, utamu wote wa aina hii umo ndani ya hesabu hiyo. Mambo yameshaharibika, lakini mikono yako bado ina nafasi ya kuyaokoa.

Katika gemu ya zamu, kosa huwa limeshapita kabla hujalijua. Mfano huu kila aliyecheza XCOM ameuishi. Askari watano wameshasogea na kujikinga vizuri nyuma ya kuta. Wa sita amebakiwa na hatua, unamsogeza miraba miwili mbele apate pembe nzuri ya kupigia, na kwa mwendo huo mdogo anafunua kundi zima la maadui ambalo lilikuwa halijakuona. Kikosi chako kimeshamaliza zamu. Maadui wanajitawanya, wanajikinga, kisha zamu inakuwa yao, na huna la kufanya ila kutazama. Askari akifa hapo hafufuki. Jina lake linabaki kwenye ukuta wa kumbukumbu kambini.

Sasa kaa na tukio hilo kidogo. Kumsogeza wa sita hakukuwa kosa lenyewe. Kosa lilikuwa kumsogeza mwisho. Angetangulia yeye, watano wangekuwa bado na risasi zao, na kundi lile lingekutana na moto. Ukiwa mtu ambaye maelezo hayo yamekufurahisha, ambaye anataka kurudi kichwani zamu mbili nyuma mpaka aone mahali alipopotea, gemu ya zamu inakusubiri. Ukiwa mtu ambaye maelezo hayo yamekuchosha, ambaye angetaka tu apewe nafasi ya kumvuta yule askari arudi nyuma ya ukuta, nenda kwenye kunyata na usijilaumu.

Mpwa wangu ndiye aliyenifundisha kupima hivi. Ni kijana mpole, hapendi kelele, nikamshauri aanze na gemu ya zamu nikiamini inamfaa mtu mtulivu. Siku ya tatu akanijia: "Mjomba, hii inanitesa. Nikikosea nakaa tu naangalia wanavyoniua." Nikampa ya kunyata, na wiki nzima hakuiachia. Alikuwa mtulivu kweli, lakini utulivu wake ulitaka kazi ya kufanya mambo yanapoharibika. Tangu siku hiyo simchagulii mtu gemu kwa upole wake wala kwa haraka zake.

Kama hujui upande wako, kumbuka mara ya mwisho uliposhindwa mchezo wowote, iwe sataranji au mpira. Ulipokuwa unaondoka, akili ilikuwa wapi? Kwenye ile sekunde ambayo ungeweza kujiokoa, au kwenye uamuzi wa mapema uliokufikisha pale?

Hatua ya 3: Amua kama unaweza kuishi na asilimia

Hili linahusu gemu za zamu peke yake, lakini limewakimbiza watu wengi, kwa hiyo lipe uzito kabla hujalipa.

Gemu nyingi za zamu hukuonyesha nafasi ya pigo lako kumpata adui. Inaandikwa asilimia 65, unapiga, unakosa. Unapiga tena kwa 65, unakosa tena, na moyo unakuambia gemu inakuibia. Piga hesabu: nafasi ya kukosa mara moja ni asilimia 35, na kukosa mara mbili mfululizo ni 0.35 mara 0.35, yaani asilimia 12 na kidogo. Hiyo ni mara moja katika kila nane hivi. Katika pambano moja utapiga jozi nyingi za namna hiyo, kwa hiyo litakupata, na litakupata mara kwa mara. Mchezaji mzuri hupanga zamu yake akiwa na jibu la swali "nikikosa zote mbili, je?"

Watengenezaji wenyewe wanajua hisia zetu hazipatani na hesabu. Gemu kadhaa za Fire Emblem, kuanzia The Binding Blade ya 2002, huchukua namba mbili za bahati na kutumia wastani wake, hivyo shambulio lililoandikwa asilimia 80 hupata kwa kweli karibu mara 92 katika 100. Wachezaji huona ndiyo haki, kwa kuwa 80 vichwani mwetu maana yake "hakika".

Kama jambo hili litakuharibia jioni, usiikimbie aina nzima. Into the Breach ya 2018 haikupi asilimia ya kulenga: kila adui anaonyesha mraba atakaoupiga kabla hajaupiga, na silaha zako hufanya kile zilichoandikiwa. Ubao wake ni miraba 8 kwa 8 tu. Ukishindwa humo, umeshindwa na fikra yako mwenyewe, na kuna watu, mimi nikiwamo, wanaolipenda hilo kupita kiasi.

Hatua ya 4: Hesabu muda wako jinsi ulivyo

Hapa usijidanganye. Usihesabu saa unazotamani kuwa nazo, hesabu zile ulizocheza kweli wiki iliyopita, na utazame kama zilikuwa vipande vya dakika ishirini au usiku mzima.

Gemu ya zamu huiacha katikati bila hasara. Mtoto analia, simu inaita, unaondoka, unarudi baada ya saa moja, na ubao uko vilevile. Ila angalia ukubwa wa safari. Mechi moja ya Civilization VI kwa kasi ya kawaida inaweza kwenda hadi zamu 500, na zamu za mwisho ni nzito kuliko za mwanzo kwa sababu una miji mingi ya kuiamulia. Into the Breach ni kinyume chake, maana pambano humalizika kwa zamu chache. Kwa hiyo "zamu" haina maana "ndefu".

Gemu ya kunyata unaweza kuisimamisha pia, lakini kuna kitu kinapotea ambacho kitufe hakikihifadhi. Umekaa pembeni ukihesabu doria: mlinzi wa kwanza anageuka penye mlango, wa pili anasimama dirishani muda wa pumzi tano, halafu kuna upenyo. Ukiondoka hapo na kurudi kesho, hesabu hiyo imefutika kichwani na unaanza kuvizia upya. Kama muda wako huja kwa vipande vifupi vinavyokatwa ovyo, gemu ya zamu itakutendea wema zaidi.

Hatua ya 5: Angalia mashine, masikio na mikono

Kunyata kunakula sauti. Bila hedifoni, au na spika ndogo za kompyuta mpakato, utakosa nusu ya habari: hatua za mlinzi nyuma ya ukuta, sakafu unayoikanyaga, mlango uliofunguka ghorofa ya juu. Kama husikii vizuri, au unacheza palipo na kelele, Mark of the Ninja inachora sauti kama duara linalopanuka kwenye skrini, ukaona kwa macho inafika wapi. Pia skrini iwe na uwezo wa kuonyesha giza. Chumba chenye jua kali kitakufanya uongeze mwanga wa skrini mpaka kivuli kipoteze maana.

Gemu ya zamu husamehe mashine dhaifu kwa sababu picha zikisuasua kwenye skrini hakuna kinachoharibika. Kinacholemewa mara nyingi ni prosesa, kwenye ramani kubwa, pale unaposubiri wapinzani kumi na wawili wa kompyuta wamalize zamu zao. Na kama mikono au vidole vinakuuma, au kasi si yako tena, humo hakuna anayekukimbiza.

Hatua ya 6: Onja zote mbili bila kulipa

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke. Kuna gemu mbili za kompyuta, za bure kabisa, ambazo zinaonyesha kila aina ilivyo hasa.

Ya kunyata ni The Dark Mod, iliyotengenezwa na wapenzi wa Thief, na tangu 2013 inajitegemea bila kuhitaji gemu nyingine. Anza na misheni yake ya mafunzo. Chini ya skrini kuna kito kidogo kinachong'aa ukiwa mwangani na kufifia ukiwa gizani. Ndicho kinachokuambia kama unaonekana. Fanya zoezi hili: simama kwenye kona, acha kito kizimike, mngoje mlinzi, halafu usifanye chochote. Atapita. Atapita karibu kiasi cha kumsikia akijisemea peke yake, mwanga wa mwenge utapanda ukutani na kukaribia miguu yako, nawe utagundua umezuia pumzi. Akishapita, toa mshale wa maji, uzime mwenge wa korido, na ukumbi uliokuwa hatari dakika moja iliyopita sasa ni wako. Ukijisikia kutabasamu hapo, una jibu.

Ya zamu ni The Battle for Wesnoth, iliyotoka mara ya kwanza 2003. Cheza mafunzo, kisha kampeni fupi ya wanaoanza. Kitu cha kuchungulia kwa karibu ni mwendo wa siku. Zamu zinapita toka alfajiri hadi usiku wa manane, na nguvu zinabadilika nazo: askari wa upande wa mwanga hupata nyongeza ya asilimia 25 mchana na kupungukiwa asilimia 25 usiku, na viumbe wa giza kinyume chake. Pigo la 8 linakuwa 10 adhuhuri na 6 usiku. Ardhi nayo inaamua: askari wa kawaida aliyesimama kijijini hulengwa kwa nafasi ya asilimia 40, na askari huyohuyo akisimama kwenye maji ya kina kifupi anakuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kupigwa. Zoezi lako ni hili: jioni ikikaribia, rudisha kikosi nyuma mpaka vijijini, ngoja usiku upite, wakati adui anakufuata na kulazimika kusimama mtoni. Kisha kunapambazuka. Kama utaliona pambazuko hilo linakuja zamu tatu kabla na moyo wako ukaanza kwenda mbio kwa kulisubiri, jibu lako ni hilo.

Jioni mbili kwa kila moja zinatosha. Halafu acha siku moja ipite bila kucheza, uone ipi inakurudia kichwani ukiwa na shughuli nyingine.

Ukinunua kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, kumbuka fedha hurudishwa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujazidisha saa 2 za kucheza. Kwa gemu ya kunyata saa 2 zinatosha kuamua. Kwa gemu kubwa ya zamu hazitoshi, maana huo ni mwanzo tu wa mechi, na ndiyo sababu nyingine ya kuonja kwanza kwenye ya bure.

Hatua ya 7: Kama moyo umegawanyika

Usilazimishe. Zipo gemu zinazokaa katikati, na nyingine ni bora kuliko nyingi za pande zote mbili. Invisible, Inc. ya 2015 ni kunyata kwa zamu: majasusi wako wanapenya jengo mraba kwa mraba, ukiona wazi wapi mlinzi anatazama, na ulinzi unaongezeka kadiri zamu zinavyokwenda, kwa hiyo kukaa kimya nako kuna gharama. Desperados III ya 2020 ni ya papo kwa papo, lakini kwa ugumu wa kawaida unaweza kusimamisha muda, ukampangia kila mtu wako tendo moja, kisha ukaachia yote yatokee kwa pamoja. XCOM 2 ya 2016 huanza misheni zake nyingi kikosi kikiwa hakijaonekana, ukapanga shambulio la kuvizia kabla vita havijaanza.

Kwa mtu aliyejipima na bado hajui, naanza na Invisible, Inc.

Hatua ya 8: Siku za kwanza baada ya kununua

Chagua ugumu wa kawaida, usiende wa juu kwa fahari. Katika Hitman, ugumu wa Master unakuruhusu kuhifadhi mara moja tu katika misheni. Hiyo ni ladha ya mtu anayeijua ramani tayari. Katika XCOM, usiwashe Ironman kampeni ya kwanza, kwa sababu unanyang'anywa uwezo wa kurudi kwenye hifadhi ya zamani, na mwanafunzi anahitaji kurudi.

Lakini kurudi huko kuwe na mpaka. Kwenye gemu ya kunyata, ukionekana usikimbilie kupakia upya hifadhi ya zamani. Baki ndani ya kosa. Kimbia, panda, jifungie stoo, subiri watulie, kisha endelea. Anayepakia upya kila mlinzi anapogeuka anajifunza njia moja ya misheni moja, na ile sehemu ya kujiokoa, ambayo ndiyo aliyoinunua, haionji kamwe.

Kwenye gemu ya zamu, kabla hujamgusa askari yeyote, zungusha macho ramani nzima na ujiulize nani ataona mbali zaidi akisogea. Huyo mtangulize, wenzake wote wakiwa bado na hatua zao. Akifunua kundi la maadui, una watano wa kumjibia. Asipofunua kitu, wengine wasogee nyuma yake, na asiwepo atakayeishia mraba ulio mbele ya pale alipofika yeye.